Dakika Nne za Sehemu ya Kumi

Eskifjörður, tarehe 19 Februari

Kwa shemeji yangu Steinvör,

Salamu zikufikie huko Stykkishólmur, zangu na za nyumba hii, ingawa nyumba yenyewe siku hizi ni mimi na saa ya ukutani. Hali yako vipi? Ule mguu ulioteguka kwenye barafu ya mlangoni umepona, au bado unachechemea? Uliniambia kwenye simu kwamba umekataa fimbo, na hapo nakuunga mkono. Fimbo ni ya wazee, wewe una sabini na sita tu. Mimi nina themanini na moja na wiki iliyopita nilipanda juu ya paa kukokoa theluji, na majirani zangu wa miaka hamsini wakanitazama madirishani, vikombe vya kahawa mkononi. Mimi sijambo. Goti linanisema upepo ukitoka kaskazini, na masikio yameanza kuchagua cha kusikia, lakini chakula napika mwenyewe na nakila chote.

Mwandiko wangu utauvumilia. Unajua nilisoma majira manne tu ya baridi, mwalimu akihama shamba moja hadi jingine na godoro lake, na baba akanitoa mara tu mkono wangu ulipoweza kushika spana. Barua za nyumba hii aliziandika dada yako Svanlaug, mimi nikatia jina chini. Hii nimeianza mara tatu. Nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe nimejaribu kuliweka mwanzoni na halikukaa.

Ulipoandika mwezi wa kwanza uliniomba kitu kimoja. Ulisema wewe na Svanlaug mlikuwa mnaifuata ile tamthilia ya Jumapili, ya daktari wa mifugo na wale farasi waliofunguliwa zizini wakaenda kuzama kwenye barafu ya ziwa, na kila Jumatatu mlikuwa mnapigiana simu kubishana nani alifungua lango. Wewe ukasema ni mdogo wake yule daktari. Yeye akasema ni mwalimu wa shule, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mlifika pamoja sehemu ya nane. Akalazwa, nawe ukaacha kutazama, hukutaka kumtangulia. Sasa ukaniomba nikunakilie zote kumi kutoka kwenye kompyuta yake ili uketi umalize, maadamu yeye mwisho alishauona. Uliandika kwamba ukijua yeye amepita hapo kabla yako, hutaogopa kupita peke yako. Hayo maneno nimeyasoma mara nyingi kuliko chochote nilichowahi kusoma, na mimi si msomaji.

Nimekukawiza wiki tano. Kwanza nikueleze sababu ya kuchelewa, halafu nikueleze sababu nyingine.

Kompyuta yake unaikumbuka, lile sanduku jeusi chini ya meza kwenye chumba cha pembeni ya jiko, na kioo juu yake. Alikuwa ameiunganisha na antena, na yenyewe inarekodi saa aliyoipangia, hata kama nyumbani hakuna mtu. Mimi miaka kumi na moja nilikuwa naipita kama mbwa wa mtu mwingine. Hainibwekei, siigusi. Nilipoiwasha safari hii nikakuta rekodi zaidi ya elfu tatu, na hakuna hata moja yenye jina la Mungu wala la mtu, ni tarehe na saa tu, zimepangana kama samaki kwenye kreti. Yeye alikuwa anajua kila moja ni nini. Mimi nikafungua ya kwanza, ikawa utabiri wa hali ya hewa wa mwaka juzi. Nikafungua ya pili, bungeni. Nikaifunga.

Basi nikateremka kwa Dagrún, yule mama anayetengeneza kompyuta kwenye duka la umeme karibu na bandari. Nilimweleza. Akasema kuna programu ya bure kwa kazi hiyohiyo. Unaionyesha rekodi ziliko, yenyewe inazichungulia, inazipa majina, inazipanga tamthilia kwa tamthilia na msimu kwa msimu, inaweka na picha, na inakwambia ipi umeshatazama na ipi bado. Akasema atakuja Ijumaa kunisakinishia. Nikamwambia asijisumbue. Nikamkumbusha kwamba nimefunga injini ya tani tatu kwenye boti ya chuma hapo nje kwenye ghuba, bahari ikinitikisa, mwaka ambao yeye alikuwa hajazaliwa, na injini ile ilinguruma miaka ishirini na sita bila kuomba hata mpira mpya. Dagrún hakuinua kichwa kwenye kazi yake. Akasema, sawa Ketill, lakini injini haikukuuliza maswali. Hii itakuuliza. Nikasema na mimi nitaijibu. Akaniandikia jina la programu nyuma ya karatasi ya risiti, akanipa, akasema, ila usiseme ndiyo kwa kila kitu, mzee, utaamka kesho umenunua nyumba Hispania.

Siku ya kwanza sitakusimulia. Siku ya pili nikaufikia ukurasa wa ile programu. Ulikuwa na vitufe vitatu vya kupakua, na mimi mtu wa vitu vikubwa nikabonyeza kikubwa kuliko vyote. Kikaja kitu cha kengele nyekundu kinachopiga kelele kwamba kompyuta yangu ni mgonjwa na chenyewe ndicho daktari. Nikampigia Dagrún. Nilimsikia akiziba simu kwa kiganja ili acheke. Aliporudi akasema, kitoe hicho, Ketill, na ukumbuke, kitufe cha kweli siku zote ni kile kidogo kisichopendeza.

Kile kidogo nikakipata. Programu ikateremka, ikauliza nataka izungumze lugha gani. Kiaislandi hakikuwamo. Vilikuwamo vya watu wengi ambao sijawahi kuwaona, lakini chetu hapana. Ndipo nikaona Kideni. Injini zote nilizofunga maisha yangu zilitoka Denmark na vitabu vyake, na Kideni changu nimejifunzia humo, mikono ikiwa na grisi. Salamu sijui kutoa, ila ukiniambia kaza, legeza, angalia shinikizo, nakuelewa kama mama yangu. Nikachagua Kideni, na kuanzia hapo tukaelewana. Ikaniletea masharti yake, kurasa na kurasa, na chini yake mahali pa kukubali. Dagrún anasema hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma. Mimi siweki jina langu pasiposomwa. Niliyasoma asubuhi mbili nzima na kamusi mezani, na hakuna mstari hata mmoja unaosema nani atakuja kuitengeneza ikiharibika.

Ikauliza nataka ikae wapi ndani ya kompyuta. Nikaipa mahali. Ikauliza rekodi ziko wapi. Nikaionyesha kompyuta nzima, kama unavyomtembeza baharia mgeni chomboni, hapa jiko, hapa tangi, hapa choo. Hilo lilikuwa kosa. Ikatafuna asubuhi yote na ilipomaliza ilikuwa imechukua utabiri wa hali ya hewa wa miaka kumi na moja ikautengeneza tamthilia moja ndefu. Sherehe yetu ya miaka hamsini ya ndoa, ile uliyoirekodi wewe kwa simu pale ukumbini, ilikuwa imeipa jina la hadithi ya Kiswidi ya polisi, sehemu ya tatu, na picha ya mtu mwenye bastola. Nikaibonyeza nione imeweka nini. Nikajiona nacheza dansi na Svanlaug, na yeye anakwambia wewe nyuma ya simu, usimpige picha miguuni, Steinvör, ataniadhiri. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu Novemba. Nikaizima, nikaenda kusimama uani bila koti.

Kesho yake nikarudi. Dagrún alinieleza kwenye simu namna ya kusahihisha moja moja, uandike jina la kweli, uichague, uithibitishe. Rekodi elfu tatu, Steinvör. Nilifanya kila asubuhi baada ya uji mpaka saa sita, kama kazini, wiki tatu. Dagrún anasema ana wateja wa miaka thelathini walioshindwa siku ya kwanza. Wakati mwingine alipita hapa akitoka kazini, akasimama nyuma yangu, akasema, hapo umekosea, na hapo, na hapo umepatia, ila kwa bahati. Mwisho zote zilikaa rafuni, na daktari wako wa mifugo akatokea na picha yake, yeye na farasi wa kahawia kwenye theluji, na chini yake sehemu kumi zimepangwa safi kama spana kwenye ukuta wa karakana.

Ningesimama hapo ningekuwa nimeshakutumia. Lakini ile programu ilikuwa na swali moja zaidi. Iliuliza kama nataka ichukue kumbukumbu kutoka kwenye programu ya zamani ambayo mwenye kompyuta alikuwa akiitumia kutazama, ili ijue kilichotazamwa na kisichotazamwa. Nikasema ndiyo. Nilisema bila kufikiri, kwa kuwa nimezoea sasa kuijibu.

Alama za kijani zikaanza kujitokeza, moja, mbili, kila iliyotazamwa na alama yake. Kwa daktari wa mifugo zilikuja tisa. Sehemu ya kumi haikupata. Ilipata mstari mwembamba mdogo mwanzoni kabisa, kama mkwaruzo, na maneno ya Kideni yaliyosema imesimamishwa kwenye dakika ya nne, Alhamisi, saa tisa na dakika sita alasiri.

Sasa shemeji, unaijua Alhamisi ya nyumba hii. Mji wote unaijua. Tulipooana taifa zima halikuwa na televisheni siku ya Alhamisi, wenye kituo walifunga wakapumzika, na sisi tulikuwa tunatembeleana. Jikoni kwetu palikuwa hapatoshi viti. Svanlaug akikaanga chapati nyembamba za maziwa, watu wanazikunja na sukari, tunacheza karata. Mwaka 1987 walipoanza kurusha matangazo hata Alhamisi, mimi nikasema kwangu hapana. Siku ya kwanza nilichomoa waya mbele ya wageni, wakanipigia makofi. Alhamisi iliyofuata walikuja wachache. Baada ya miaka miwili haji mtu, wote wako kwao mbele ya kioo, lakini mimi sikulegea. Vijana wa bandarini waliniita Ketill Alhamisi na nililichukua jina lile kama nishani. Nilijisifia kwako, nilijisifia kanisani, nilijisifia kwa mtalii mmoja Mjerumani aliyekuwa anauliza njia tu. Siku moja Svanlaug aliniambia, Ketill, hii Alhamisi zamani ilikuwa ya watu, siku hizi ni yako peke yako. Nikamwambia ndiyo maana nailinda.

Alirudi kutoka hospitali Jumatano, na wewe ulikuwa unasubiri barabara ifunguliwe uje. Daktari alikuwa ameshatuambia ni siku chache, na yeye mwenyewe alitaka zile siku chache ziwe hapa. Kompyuta ilikuwa imemrekodia sehemu mbili alizozikosa. Mchana huo wa Jumatano akatazama ya tisa, nimemfunika blanketi, na ilipoisha akataka kuendelea. Nikaona uso umechoka. Nikamwambia, ya kumi iache ya kesho. Ni mimi niliyesema kesho, Steinvör. Wala sikuhesabu kesho ni siku gani.

Alhamisi alasiri nilikuwa chini stoo nachagua viazi. Nikasikia ule muziki wa kuanzia. Nikapanda. Alikuwa ametoka kitandani mwenyewe, miguu mitupu, amevaa sweta yangu ya sufu, ameketi kwenye kile kiti chake. Hakugeuka. Akasema, Ketill, ni dakika hamsini tu, rudi kwenye viazi vyako ujifanye hujui.

Nikamuuliza leo ni siku gani, kwa ile sauti mtu anayomuulizia mtoto. Akasema, leo ni siku nina nguvu, kesho sijui. Mimi nikaanza hotuba. Nikamwambia tangu 1987 nyumba hii haijawasha kioo siku ya Alhamisi, hata ndugu zake walipotoka kwenye habari hatukuwasha, na haitawashwa leo kwa ajili ya farasi waliokufa. Akasema, ya tisa niliitazama, ya kumi uliniahidi. Nikasema nimeahidi kesho, na kesho itakuwa Ijumaa. Unaniona, nilivyokuwa najua kugeuza maneno. Halafu nikainama chini ya meza, na goti hili hili, nikachomoa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Aliendelea kukitazama kidogo, sijui alikuwa anaona nini mle, labda sisi wawili. Halafu akasema, haya, kesho basi. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Nilimshika nikamrudisha kitandani, nikakaanga chapati, akala nusu, tukacheza karata na akanifunga mara mbili. Mimi nilikuwa nimefurahi. Hilo ndilo linaloniua, nilikaa pale nimefurahi kwa sababu Alhamisi yangu ilikuwa nzima.

Ijumaa nilidamka. Waya niliuchomeka mwenyewe, kompyuta nikaiwasha kwa kitufe kile kimoja nilichokijua, kiti nikakiwekea mto. Nikakoroga uji. Saa tatu na nusu nikaenda kumwamsha.

Mchungaji alipokuja kuketi nami, akaniuliza kwa upole siku yake ya mwisho ilikuwaje, apate cha kusema. Nikafungua mdomo kumwambia kweli, yakatoka mengine. Nikasema alikuwa ameketi kwenye kiti chake, alitazama tamthilia yake mpaka mwisho, nimemshika mkono. Yaani sikupanga. Mchungaji akayasema kanisani. Wewe ukayachukua ukayaandika gazetini kwenye makala yako ya kumbukumbu, na makala yako ilikuwa nzuri kuliko zote sita alizoandikiwa, watu walinikatia wakaniletea. Uliandika ukimwambia yeye, dada, uliuona mwisho wa hadithi yako, na mkono wako ulikuwa ndani ya mkono wa Ketill. Nimekuwa nikienda dukani watu wananishika bega kwa ajili ya mstari huo. Mimi sikumwandikia makala. Wote walidhani ni kwa sababu sijui kuandika, wakanihurumia, nami nikawaacha wadhani.

Mkono wangu siku ile ulikuwa umeshika waya.

Nataka ujue na hili. Nilipoona ule mkwaruzo wa dakika nne, nilimpigia Dagrún nikamuuliza mtu anawekaje alama ya kijani mahali isipokuwepo. Akasema unabonyeza upande wa kulia wa kipanya, unachagua imetazamwa, kwisha, mbona, unataka kumdanganya nani? Alikuwa anatania. Nikasema ni usafi tu, napenda safu ikamilike. Nikapeleka mshale pale, nikalikuta lile neno kwa Kideni, kidole kikawa juu yake. Bonyezo moja, na mashine ingesema vilevile nilivyomwambia mchungaji. Wewe usingejua kamwe. Rekodi ninazokutumia hazibebi alama, zimebaki humu ndani ya kompyuta, na kompyuta iko kwangu, na mimi siko mbali na kuondoka.

Nilikaa hapo mpaka kahawa ikafanya utando. Nikaona kwamba ile alama ikija, mkwaruzo unafutika. Programu haiweki vyote viwili. Na zile dakika nne ni zake. Aliamka mwenyewe, akatembea mwenyewe miguu mitupu kwenye sakafu baridi, na akaniambia nirudi kwenye viazi vyangu. Miaka hamsini na miwili na siku ile ndiyo Alhamisi moja aliyoichukua, nami nimemruhusu dakika nne tu. Nikizifuta na hizo, basi nitakuwa nimechomoa waya mara mbili. Nikaondoa kidole.

Kwa hiyo ziko hapo. Kila ninapoiwasha kompyuta, ile programu inaniletea picha ya yule daktari na kuniuliza kama nataka kuendelea na sehemu ya kumi kuanzia ilipoishia. Inauliza kila siku, kwa adabu, kwa Kideni. Nami kila siku nabonyeza baadaye.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi, Dagrún ndiye aliyeifunga kwenye plastiki isipigwe na maji. Zimo zote kumi, zina majina na namba, hutapotea. Ukifika ya kumi, dakika ya nne, utamwona daktari amesimama langoni pa zizi, mkono uko kwenye komeo, na ameangalia nyuma ya bega lake kumtazama mtu ambaye hawajamwonyesha. Hapo ndipo dada yako alipofika. Nimeitazama ile picha ikiwa imesimama, sijaisogeza mbele. Hakupita mtu kabla yako, Steinvör. Ulitaka atangulie, na angetangulia, mimi ndiye niliyemzuia mlangoni. Kama hutaweza kuitazama sasa, iweke. Kama hutaki kusikia tena jina langu, nitaelewa, na Dagrún atakupa habari siku ikibidi. Gazeti pia ukitaka kuliandikia, liandikie. Sitakana neno.

Lakini kama utaitazama, nakuomba usiniandikie nani alifungua lango. Usinipigie simu. Majira ya kuchipua yakifika, ndege ikikushusha uwanjani Egilsstaðir, nitakuja kukuchukua na gari, na bado naendesha vizuri kuliko hao wanaosema nisiendeshe. Nitakupeleka makaburini. Nitakubebea kiti cha jikoni nikuwekee kwenye nyasi karibu naye, kwa sababu ya mguu wako, nawe umsimulie yeye kuanzia dakika ya nne, polepole, usiruke popote, umwambie kama ni yule mwalimu. Mimi nitarudi garini, nitapandisha vioo, nitasubiri mpaka mmalize.

Wape salamu wote wa huko wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Huo mguu uukande kwa mafuta ya samaki, usisikilize ya duka la dawa. Theluji ikilegea kwenye milima nijulishe kama unakuja, nijue kiti nikipake rangi au nikiache.

Ni mimi shemeji yako,
Ketill Brandsson
fundi injini